Mtungi wa Nane

Kola ya shati la mteja iliungua chini ya pasi, na Fundi hakusikia harufu.

Aliuona moshi kwanza. Ulikuwa mwembamba, unapanda pembeni mwa mkono wake, naye akautazama kama mtu anayetazama mvuke wa chai ya jirani. Alipoinua pasi alikuta alama ya kahawia yenye umbo la ulimi. Akainama, akavuta pumzi kwa nguvu. Hakuna kitu. Akanusa chaki, akanusa mafuta ya cherehani, akanusa hata kwapa lake mwenyewe. Hakuna. Akajiambia ni mafua, ingawa pua yake ilikuwa kavu na kifua kizima.

Mchana huo alipoingia stoo kufagia alikuta daftari la mumewe liko wazi mezani. Mstari wa mwisho ulikuwa na wino mbichi: "Mtungi wa nane, wiki ya tano. Ajabu. Leo una ladha ya nguo iliyotoka kupigwa pasi."

Alisimama na ufagio wake mkononi, akausoma mara tatu.

Mumewe alikuwa mchanganyaji wa tumbaku ya kiko, na mtaa mzima ulimwita Bwana Kiko. Chumba cha mbele kilikuwa duka lake, cha kati kilikuwa cha cherehani ya mkewe, na cha nyuma ndiyo stoo, yenye rafu moja ndefu na dirisha dogo la wavu. Wasiojua kazi hii hudhani tumbaku ikishafungwa imefungwa, kama misumari. Sivyo. Majani yakishabanwa na kukatwa, yakitiwa kwenye mtungi wa kioo wenye mfuniko wa pete ya mpira, yanaendelea kuishi gizani. Ukali unapungua, utamu unapanda, na ladha ambayo haikuwepo inakuja yenyewe. Haya nayajua kwa sababu nami nilivuta kiko miaka sita, nikaacha, nikarudia, nikaacha tena. Sijivunii.

Bwana Kiko alikuwa na mitungi mingi ya kuuza, lakini rafu ile ndefu haikuuzwa. Juu yake ilikuwepo mitungi kumi na miwili ya mchanganyiko mmoja, uliobanwa na mke wake wa kwanza kwa mikono yake wiki mbili kabla ya homa iliyomchukua. Kila mwaka, tarehe ileile, mume alifungua mtungi mmoja. Kisha kila Ijumaa alivuta kiko kimoja tu kutoka humo, macho yamefumbwa, na kuandika mstari mmoja, ili ajue tumbaku ile inakwenda wapi. Ndivyo baba yake alivyomfundisha kazi.

Fundi alikuwa mke wa pili, na mistari ile aliijua kwa moyo. "Mwaka wa kwanza: mkali, unauma ncha ya ulimi, kama yeye akikasirika." "Mwaka wa tatu: zabibu kavu. Zabibu wangu." Hilo ndilo jina alilokuwa akimwita marehemu. "Mwaka wa tano: sukari iliyoanza kuungua, na ngozi ya kiti cha zamani." "Mwaka wa saba: umetulia." Miaka minne ya ndoa, mtoto mmoja, na mwanamume yule hakuwahi kumwandikia Fundi hata kikaratasi cha kumwagiza sabuni.

Sitajifanya siujui wivu. Lakini wivu wa kumwonea mtu aliyekufa ni mbaya kuliko wote, maana huwezi kumvizia sokoni ukamkuta na meno mabovu ukafarijika. Kila mwaka marehemu alizidi kuwa mtamu, na daftari lilisema hivyo.

Siku ulipofunguliwa mtungi wa nane, mume alivuta, akalia kimyakimya, akaja mezani kula bila kuona kwamba mkewe amevaa gauni jipya alilolishona siku nne. Alipokwenda kusali alasiri, Fundi aliingia stoo.

Katika kazi ile palikuwa na sharti moja ambalo Bwana Kiko hakulivunja hata akiwa na haraka. Afungaye mtungi hubana pumzi na kugeuza uso, kama mtu anayepishana na mkwewe mlangoni. Tumbaku hunywa chochote inachopuliziwa, na mvuke wa mdomo ukifungiwa ndani hukaa humo. Fundi alilijua sharti hilo. Alifungua mtungi wa nane, akaweka midomo yake kwenye shingo ya kioo, akasema, "Potea."

Akangoja. Kisha likamtoka neno jingine ambalo hakulipanga, kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, ambayo hata mumewe hakuwahi kuisikia: "Na kama hupotei, basi nipe nafasi yako."

Akafunga mfuniko juu ya pumzi yake mwenyewe. Ule mpira ukalia, fyuu, ukivuta kwa ndani, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto.

Hiyo ilikuwa wiki tano kabla ya kola kuungua.

Baada ya harufu, ikaondoka ladha. Kila Ijumaa wifi yake, dada mkubwa wa Bwana Kiko, alikuja kula nao. Mama yule alikuwa mnene, mcheshi, na mdomo wake haukuwa na breki. Ijumaa iliyofuata ile ya kola alitia kijiko cha kwanza kinywani, akakiweka chini taratibu.

"Wifi," alisema, "leo umetupikia bahari."

"Chumvi imezidi?"

"Chumvi? Humu chumvi ndiyo mboga. Mchuzi ndio umezidi."

Mumewe alicheka. Fundi akaonja, akaonja tena. Ulimi wake ulikuwa kama kipande cha kitambaa. Akacheka nao, kwa sababu angesema nini?

Alipoondoa vyombo, mume alikwisha kuketi kwenye kiti chake na kiko mdomoni, na Fundi akakumbuka kwamba alikuwa amemwona nacho vilevile jana yake, na juzi.

"Baba Kitufe, kile kiko si cha Ijumaa tu?" Kitufe ndilo jina walilompa mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu, kwa sababu alizaliwa mdogo, wa mviringo.

"Nakifuatilia. Kinabadilika kila siku. Tangu nianze kazi hii sijaona kitu kama hiki."

"Kinabadilika kuwa nini?"

Alifikiri, macho bado amefumba. "Kama mtu anayeingia ndani akitoka juani. Chaki. Mafuta kidogo, si ya kupikia, ya mashine. Na jasho la shingoni, lile safi, la mtu aliyefanya kazi asubuhi nzima."

"Jasho la nani?"

"Aa, Mama Kitufe. Tumbaku ina jasho la mtu?"

Alikuwa anamtaja yeye. Miaka minne alikuwa akingoja asikie maneno kama hayo, na sasa yalikuwa yanasemwa naye amekaa umbali wa mkono mmoja, lakini yanaambiwa mtungi. Fundi akajikuta anajionea wivu mwenyewe. Akasogea, akainamisha shingo yake mbele ya mumewe.

"Ninuse."

"Eh, mchana huu? Na dada yumo?"

"Ninuse tu."

Alinusa. Akarudi nyuma, akakunja uso kama anayetafuta neno la daftari. "Husikiki kitu," alisema. "Kama glasi ya maji."

Tangu siku hiyo aliogopa kuwa peke yake na rafu ile, hasa saa nane mchana, wakati duka limefungwa kwa mapumziko, mtaa umelala na cherehani imenyamaza, kwa maana hapo ndipo sauti ilipoanza, ndogo, fyuu, kisha kimya, kisha fyuu nyingine, mifuniko ya mpira ikipandishana pumzi nyuma ya mlango, naye amekaa na sindano yake akihesabu, akijiambia ni joto, ni kioo kinapanuka, ni kawaida, huku akijua kwamba mitungi ile ilikaa hapo miaka minane bila kutoa hata chafya. Siku moja mteja aliingia kuchukua suruali, akapita moja kwa moja hadi mlango wa stoo, akabisha, akaita, "Fundi, upo?" Fundi alikuwa amekaa nyuma yake. Mteja aligeuka, akashtuka. Akasema samahani, lakini angeapa alimsikia kwa harufu upande ule. Na huku, kusema kweli, alidhani hakuna mtu.

Wiki ya tisa Fundi alifungua daftari. "Leo maziwa," lilisema. "Si ya ng'ombe."

Kitufe alikuwa bado ananyonya. Jioni hiyohiyo alilitia ziwa mdomoni, akalitema, akamtazama mama yake kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Alipomwinua, mtoto hakuegemea shingoni. Alijikaza mgongo, akanyoosha mikono kuelekea stoo.

Ijumaa iliyofuata Wifi alikwenda stoo kutafuta ungo. Akarudi bila ungo, na mara hii hakuwa na mzaha usoni.

"Wifi," alinong'ona. "Njoo polepole. Usipige kelele. Njoo umwone mwanao."

Mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani mwanga wa dirisha la wavu ulikuwa umelala sakafuni, na Kitufe alikuwa amepanda juu ya debe lililopinduliwa, amekumbatia mtungi wa nane, shavu lake limebanwa kwenye kioo, midomo yake ikifanya kazi taratibu kama anavyonyonya mtoto aliyeshiba ambaye bado hataki kuachia, na ndani ya kioo, palepale penye mdomo wake, mvuke ulikuwa unatanda na kufutika, unatanda na kufutika, kwa mwendo wa mtu anayehema kwa raha, na mitungi minne iliyobaki, ambayo ilikuwa haijafunguliwa tangu siku iliyofungwa na mikono ya marehemu, ikawa inaitikia mmoja baada ya mwingine, fyuu, fyuu, fyuu, fyuu, mpaka mtoto akafumbua macho, akaona wanawake wawili mlangoni, akamwangalia mama yake bila kumtambua, akapiga kioo kwa kiganja chake kidogo.

"Mama," akauambia mtungi.

Wifi alimshika Fundi mkono kabla hajaanguka. "Umeona?"

"Nimeona."

"Basi si mimi peke yangu. Nenda kamwite Mzee wa Saa. Mimi namtoa mtoto. Na ole wako umwambie mtu kwamba nimejikojolea."

Mzee wa Saa alikuwa na kibanda upande wa pili wa barabara, ambako alitengeneza saa za mkono kwa nyundo ndogo kuliko kijiko. Hakujiita mganga, na ukimwita hivyo alikufukuza. Alijua dua alizorithi kwa bibi yake na hakupokea chochote kwa kuzisoma. Alikuja vilevile alivyokuwa, na ile lenzi yake nyeusi bado imebanwa kwenye jicho la kulia. Alisimama mbele ya rafu muda mrefu. Bwana Kiko alikuwa amesimama pembeni, kiko mkononi kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Huyu si mke wako," mzee alimwambia kwa upole. "Mke wako yuko kwa Mola wake, mwachieni apumzike. Huyu ni mpangaji. Alikuta chumba kina harufu ya mapenzi na hakina mwenyewe, akahamia. Amelala humo miaka minane bila kumdhuru mtu. Sasa ameamka na ana njaa. Nani alimsemesha?"

Kitufe alikuwa amelala mapajani kwa Wifi, usingizi mzito usio na ndoto.

"Mimi," Fundi akasema.

Mumewe aligeuka.

"Niliufungua mtungi wa nane, Baba Kitufe. Nilikuwa na wivu. Nilimwonea wivu marehemu, mpaka nikawa nachukia hata siku ya Ijumaa. Nikaweka mdomo wangu pale, nikasema, nikafunga na pumzi yangu ndani."

"Ulisema nini?" mzee akauliza.

"Nilisema, potea."

"Na nini tena?"

Fundi alimtazama mumewe, aliyekuwa akimtazama kwa huruma ambayo hakuwahi kuipata. Alimtazama Wifi, ambaye mdomo wake usingekaa na neno hata siku mbili. Angewezaje kusema mbele yao kwamba alimbembeleza maiti ampe kitanda chake?

"Hilo tu."

"Mama," mzee alisema, "saa ikirudishwa kwangu mara ya pili, mara nyingi kuna skrubu mtu aliitia mfukoni akasema haikuwepo. Sema yote."

"Ni hilo tu, Mzee."

Sina mdomo wa kumlaumu. Mimi pia nimewahi kupiga magoti nikataja dhambi ndogo kwa sauti kubwa, na ile kubwa nikaikalia.

Mzee wa Saa akashusha pumzi. "Nitamfukuza kwa neno nililopewa," alisema. "Kama lipo jingine, njoo kibandani uniambie kabla jua la kesho halijazama. Baada ya hapo hatakuwa mpangaji tena. Atakuwa mwenye nyumba."

Walitoa mitungi yote mitano uani, kukiwa bado kweupe. Mkono uliofunga pumzi katika mtungi wa nane ndio uliopaswa kumwaga yote, kwa hiyo Fundi aliifungua mmoja mmoja na kuimwaga juu ya bati, na mumewe akageuza uso. Mzee alisoma. Wifi alisoma naye, akikosea na kurudia. Moto ulipowashwa, moshi wa mitungi minne ulipanda juu ya ukuta ukaenda zake kama moshi mwingine wowote. Moshi wa mtungi wa nane haukupanda. Ulitambaa chini, ukazunguka bati, ukafika kwenye miguu ya Fundi, ukakaa hapo kidogo. Kisha haukuwepo. Wengine walikuwa wamefumba macho. Yeye peke yake aliuona, na hakusema.

Ndipo harufu zikarudi zote kwa mkupuo. Moshi, majivu, sabuni ya kipande, hata jasho la Wifi. Fundi akaketi chini akalia kwa furaha.

"Lia tu," Wifi alimwambia, akimpapasa mgongo. "Kesho utatupikia chumvi ya binadamu."

Bwana Kiko alimwinua mkewe mwenyewe. "Nimekukosea miaka minne," alisema polepole. "Ningekuwa na akili ningeliandika daftari lako."

Fundi alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Asubuhi Kitufe alikuwa bado hataki kunyonya, lakini Wifi alisema watoto husahau taratibu. Mchana Fundi aliketi kwenye cherehani, akashona. Chaki ilinuka chaki. Shati lilinuka shati. Akainua mkono kujifuta jasho usoni, na hapo akaisikia, kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, tamu, nzito, ya kukaa muda mrefu gizani.

Zabibu kavu.

Alikwenda akaoga. Akajisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha. Akanusa. Zabibu, na nyuma yake sukari iliyoanza kuungua. Alirudi kwenye cherehani na nywele mbichi, akaanza kushona kwa kasi, bila kuangalia mshono unakwenda wapi. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa mbele. Upande wa pili wa barabara aliisikia nyundo ndogo ya Mzee wa Saa, tik, tik, bado iko kazini. Hatua thelathini. Neno moja.

Akaweka kitambaa chini, akasimama. Mumewe alikuwa anaingia kutoka dukani. Alipita karibu yake, akasimama ghafla, kama mtu aliyeitwa. Akarudi. Akaweka kidevu chake begani kwa mkewe, akavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko yoyote aliyowahi kuivuta kwenye kiko, na Fundi akajua bila kugeuka kwamba macho ameyafumba.

Mikono ikamzunguka kiunoni. Hakuwahi kushikwa hivyo. Siku zote nne za kulishona lile gauni, hiki ndicho alichokuwa akikishona.

Kutoka stoo ikaja sauti ya kiganja kidogo kikipiga mbao za rafu tupu.

"Mama," Kitufe aliita. "Mama." Si kwa kulia. Kama anayejua yupo, ila amechelewa kuitika.

Nyundo ya mzee ikanyamaza. Bati la kibanda chake likaanza kushushwa, likikwaruza.

"Zabibu," mumewe akanong'ona shingoni mwake.

Stoo mtoto aliita tena, na jua lilikuwa limebaki upana wa kidole kimoja ukutani.

"Abee," Fundi akajibu, na kifuani mwake kitu kikashusha pumzi, fyuu, kama mfuniko uliokaa sawasawa.